Mataifa Sita, Sufuria Moja

Ukiingia kwenye bustani ile ya michezo, ukalipita gurudumu kubwa linalopandisha watu angani na treni ya watoto inayozunguka mahali pamoja tangu izaliwe, utafika Kijiji cha Mataifa. Hapo kuna migahawa sita iliyoshikana mabega kama watoto wanaopigwa picha: Italia, Meksiko, India, China, Ugiriki na Uturuki. Kila mmoja una bendera yake, paa lake na muziki wake, na ukisimama katikati muziki wote unakuingia masikioni kwa pamoja mpaka utamani kuwa kiziwi. Kuta za mawe ni mbao zilizopakwa rangi. Zabibu zinazoning'inia Ugiriki ni za plastiki, na kila Jumatatu hufutwa vumbi kwa tambara.

Nyuma ya mbao hizo kuna jiko moja tu.

Humo ndimo alimofanya kazi Bi Mwiko kwa miaka kumi na minne. Jina alilipata kwa mwiko wake, mrefu kama kasia, ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa. Kila asubuhi alikatakata gunia la vitunguu, akamenya karoti ndoo mbili, akaponda nyanya, akatia sukari, akachemsha vyote kwenye sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Sufuria hiyo waliiita mama, na kutoka kwa mama yalizaliwa mataifa. Ukichota ukanyunyiza majani makavu ya oregano, ni Italia. Ukitia pilipili na bizari nyembamba, ni Meksiko. Manjano, India. Siki na sosi ya soya, China. Mdalasini, Ugiriki. Uturuki ilikuwa Ugiriki iliyoongezwa pilipili manga, na hakuna Mgiriki wala Mturuki aliyewahi kufika pale kulalamika.

"Sisi ni Umoja wa Mataifa," shemeji yake alipenda kusema. "Tofauti ni kwamba sisi tunaelewana."

Shemeji huyu, mdogo wa mume wake, alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo la kutosha na maneno ya kuzidi. Kazi yake ilikuwa jagi. Zile sufuria ndogo sita, kila moja na dirisha lake, zilikuwa na mstari uliokwaruzwa ubavuni kwa msumari, na sheria ya jiko ilikuwa moja: mchuzi usishuke chini ya mstari. Kila nusu saa alizunguka na jagi, akachota kwa mama, akapandisha palipopungua. Bi Mwiko alimfuata nyuma na makopo ya viungo. Shemeji aliifanya kazi hiyo huku akisimulia, huku akiimba, siku nyingine huku amefumba macho kwa majivuno, na hakuwahi kumwaga tone.

Jumanne moja Meneja aliingia jikoni na karatasi. Alikuwa kijana mpole aliyeogopa mafuta yasiruke kwenye shati lake, kwa hiyo alizungumza akiwa mlangoni.

"Mama, mambo yamekuja. Kuna chama kinaitwa Ladha Halisi. Kinatoa muhuri kwa migahawa inayopika chakula cha mataifa kama kinavyopikwa kwao. Mkaguzi anakuja Jumamosi, na anaanza na Italia."

"Aje. Kwani tumemkataza?"

"Tukipata muhuri, jiko linabaki. Tukikosa, wakubwa wataleta maboksi."

"Maboksi ya nini?"

"Chakula kilichopikwa kiwandani kikagandishwa. Unakitia kwenye maikrowevu, unabonyeza, unasubiri dakika nne."

"Na mimi?"

Meneja alitazama sakafu. "Wewe ndiye utakayebonyeza, mama. Mshahara ni uleule."

Shemeji akacheka. "Mshahara wa kubonyeza! Shemeji, umepata bahati, kidole kimoja kitakulisha."

Bi Mwiko hakucheka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amerudi nyumbani na miguu iliyovimba na mgongo unaomkataa, lakini alichoka uchovu wa mpishi, uchovu unaoweza kuulalia. Mtu aliyechoka kwa kubonyeza, je, atamwambia nini mumewe akivua viatu?

Karatasi ya Meneja ilikuwa na maelekezo ya mchuzi wenyewe. Nyanya, kitunguu, mafuta ya zeituni, majani mabichi ya mrihani, chumvi. Moto mdogo kwa muda wa saa nne. Chini yake, kwa herufi nzito: bila sukari, bila karoti.

"Sasa huo ni mchuzi au adhabu?" Shemeji aliuliza.

Jumatano Bi Mwiko alifika jikoni alfajiri, kabla hata walinzi hawajazima taa za lango, akaupika. Uliungua chini kwa sababu mkono wake ulizoea moto wa kufukuzana na foleni. Alhamisi haukuungua, ila ulikuwa mchachu wa kukunja uso. Ijumaa alipunguza moto mpaka ukabaki kama pumzi ya mgonjwa, akavuta ndoo, akaigeuza kitako juu, akaketi. Hakuwa amewahi kukaa mbele ya sufuria. Saa nne zilipotimia alichovya kijiko, akaonja, akachovya tena.

Ulikuwa mchuzi usiojipendekeza. Haukukimbilia kumfurahisha mtu. Uchachu ulitangulia, ukakaa ulimini ukijisikia, kisha taratibu utamu ukaja wenyewe, utamu ambao hakuna aliyeutia. Bi Mwiko aliona kwamba mkono wake uliweza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuomba.

Alimpelekea mumewe kidogo ndani ya kopo. Mume alilamba kidole, akafikiri. "Mke wangu," akasema, "sukari imepotea madukani?"

"Kula ulale."

Jumamosi shule zilikuwa zimefungwa na watu walimiminika kama siafu. Mchuzi wa Italia, uliopikwa peke yake tangu alfajiri, uliingia kwenye sufuria ya dirisha la kwanza ukiwa umeiva sawasawa. Bi Mwiko aliuonja. Ulikuwa uleule wa Ijumaa, pengine bora zaidi. Alimwonyesha Shemeji.

"Huu usiuguse."

"Shemeji, mimi ni mtoto? Nimesikia."

Na kweli alisikia. Saa sita na nusu Mkaguzi alikaa kwenye meza ya Italia, mtu mwembamba mwenye faili na pakiti ya vidonge vya tumbo aliyoiweka kando ya uma. Wakati huohuo Meksiko ilikuwa inadai, India inadai, mtoto wa mtu ametapika Ugiriki, na Shemeji alikuwa anazunguka na jagi akisimulia jinsi jirani yake alivyomfukuza mwizi kumbe ni baba mkwe. Alipandisha Uturuki. Alipandisha China. Alifika Italia, akaona mchuzi umeshuka vidole viwili chini ya mstari, akapandisha. Bi Mwiko, aliyekuwa nyuma yake akicheka kidogo kwa sababu ya baba mkwe, akanyoosha mkono akanyunyiza oregano.

Kopo lilikuwa bado hewani alipogutuka.

"Shemeji. Umefanya nini?"

"Nimepandisha." Kisha naye akaona. Jagi likamlegea. "Mungu wangu. Shemeji, mkono. Ni mkono tu, mimi sikuwepo!"

Mazoea yana taabu. Hata hakuweza kumkaripia, kwa maana kopo la oregano lilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Msichana wa dirishani alikuwa ameshachota, ameshapanga jani la mrihani juu, sahani imeshaondoka. Hapakuwa na mchuzi mwingine. Kilichobaki ni kusimama na kusikiliza muziki.

Baada ya robo saa Meneja alikuja mwenyewe, safari hii akaingia mpaka katikati ya jiko bila kujali shati lake. Uso ulimwaka kwa furaha.

"Mama, amekula karibu yote! Njoo, anataka saini ya mpishi."

Bi Mwiko alitoka na buti zake za mpira na aproni iliyolowa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukiona Kijiji kwa upande huu kikiwa na watu. Aliona kuwa meza za Italia zilikuwa na vitambaa vya mirabaraba, na kwamba hakuna aliyejua kuwa mwanamke huyu mwenye buti ndiye aliyewapikia.

Mkaguzi alimpa mkono. "Mpishi, hongera. Niliishi kule miaka minane, basi sidanganyiki kirahisi. Ni kitamu zaidi kidogo kuliko nilivyozoea, lakini nafikiri ni vitunguu vya huku." Alimsogezea fomu. Kisanduku cha Ndiyo kilikuwa kimeshatiwa alama. Chini yake paliandikwa: Mimi niliyepika ninathibitisha kuwa chakula hiki kimepikwa kwa kufuata maelekezo.

Meneja alimpa kalamu. Kwenye dirisha Shemeji alikuwa ametoa kichwa chote nje, akimtikisia kwa nguvu: saini, saini, saini.

Bi Mwiko aliishika kalamu. Aliitazama sahani, mabaki mekundu yenye kung'aa, akaujua mng'ao ule. Ulikuwa mng'ao wa sukari.

"Kina karoti," alisema.

Meneja alicheka haraka. "Mama anatania. Huyu mama, ukimjua, ni mcheshi kweli."

"Kina karoti na sukari. Mchuzi wa sufuria nyingine umeingia humu kwa bahati mbaya. Wangu ulikuwa mwingine."

Mkaguzi alivua miwani. Alionekana amechoka zaidi kuliko alipokuwa nayo machoni. "Mama, nimeshaandika ndiyo."

"Naona."

"Ningeondoka hapa bila kujua."

"Wewe, ndiyo. Lakini mimi nimeupika ule siku nne, nimeshaujua. Nikisaini huu kwa jina lake, ule nitauitaje?"

Mkaguzi aliuliza kama kuna hata kijiko kimoja cha ule mwingine kilichobaki. Hakikuwepo. Aliuliza kama angeweza kurudi kesho, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ratiba yake imejaa mpaka mwakani. Akachora mstari juu ya alama yake, akaweka nyingine kwenye kisanduku cha Hapana, akameza kidonge, akaaga. Meneja alimsindikiza mpaka lango, na aliporudi hakupita jikoni.

Bi Mwiko aliporudi jikoni, Shemeji hakungoja mlango ufungwe.

"Kalamu ilikuwa mkononi! Mkononi, shemeji!"

"Na jagi lilikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo! Mimi nimekosea kwa mkono, wewe umeenda kukosea kwa mdomo. La mkono lilikuwa limeshasamehewa! Mtu kashakula, kashapenda, wewe unamfuata na karoti."

"Shemeji, miguu inaniuma. Nitukane nikiwa nimekaa."

Shemeji alimvutia ndoo. Bi Mwiko akaketi. Shemeji akachukua jagi, akaenda kupandisha Meksiko.

Maboksi yalifika wiki iliyofuata, na juu ya kila boksi ulikuwa umechapwa ule muhuri, Ladha Halisi, wa dhahabu. Maikrowevu iliwekwa dirisha la kwanza. Mataifa mengine matano yaliachwa kwa mama, kwa sasa, mpaka barua nyingine ya wakubwa itakapokuja.

"Tumepoteza nchi moja," Shemeji alisema. "Si kitu. Wakoloni walipoteza nyingi, na bado wanakula."

Bi Mwiko alifungua boksi la kwanza, akabonyeza, akaonja. Hakikuwa kibaya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi: hakikuwa kibaya, na hakikuwa cha mtu. Siku tatu alibonyeza huku akikata vitunguu vya yale matano, na jioni mumewe alipomuuliza habari za kazi alisema salama, akageukia ukutani.

Siku ya nne alimvizia Meneja mlangoni.

"Ile sufuria ya Italia haina kazi. Nipe."

"Ya nini, mama?"

"Wafanyakazi wa bustani hii wanakula nini mchana?"

Meneja hakujua. Bi Mwiko akamwambia: mkate mkavu, nyuma ya vyoo, wamesimama.

"Hakuna bajeti, mama. Kweli nakwambia."

"Sijaomba bajeti. Kila siku tunatupa kreti ya nyanya zilizopondeka kidogo, na viazi vyenye macho. Nipe hizo na moto mmoja. Nitakuja mapema kama nilivyokuja wiki ile."

Kijana alijikuna kisogo. Tangu ile Jumamosi alikuwa hawezi kumtazama usoni vizuri. "Mradi wageni wasione," akasema mwishowe.

Kesho yake saa saba wafanyakazi walikuja mmojammoja, wakisita kama watu walioalikwa kwa makosa: dereva wa treni ya watoto, mama wa tiketi, kisha mtu wa dubu, yule anayezunguka siku nzima ndani ya manyoya akikumbatia watoto wa watu. Alikuwa amekibeba kichwa cha dubu kwapani, jasho likimtiririka.

"Mama, hiki ni chakula cha nchi gani?"

"Cha saa saba. Lete sahani."

Alionja. Akakunja uso. "Mbona kichachu?"

"Ngoja kidogo."

"Kitie hata sukari kijiko kimoja, mama yangu."

"Hapa hakitiwi sukari. Ukishindwa, mkate wako upo nyuma ya vyoo, unakungoja."

Dereva wa treni akaangua kicheko. Mtu wa dubu alikaa juu ya kreti, akakiweka kichwa sakafuni, akaendelea kula kimyakimya bila kusema kama kimemkubali. Bi Mwiko alijipakulia na yeye, akavua buti, akanyoosha miguu. Kutoka dirisha la kwanza maikrowevu ililia kwamba dakika nne zimekwisha. Shemeji alimtazama.

"Inakuita."

"Nimeisikia," akasema, akamega kiazi. "Iambie kwamba mpishi wake anakula."