Shokapu za Juvvá

Shemeji yangu Juvvá ni mkono wa birika. Ukinywa kahawa kwake, anahesabu vipande vya jibini unavyotumbukiza kikombeni, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo siku chache kabla ya kuhama na kulungu wetu wa kufugwa, aliposimamisha pikipiki yake ya theluji uani kwangu na kusema tubadilishane shokapu, yeye anipe zake mpya za gesi na mimi nimpe zangu kuukuu, machale yalinicheza papo hapo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mgongo wako, Ásllat. Unashuka kwenye pikipiki kama bibi anayeshuka kitandani."

"Mgongo wangu umeanza lini kukukosesha usingizi?"

"Haya, basi! Mtu anakuonea huruma, wewe unamng'ata. Chukua pikipiki yangu ukaijaribu. Utanirudishia kesho."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Juvvá hajawahi kumwazima mtu hata kisu.

Alipoondoka nililala kwenye theluji, nikachungulia chini ya pikipiki nikitafuta mafuta yanayovuja. Hakuna. Nikaipeleka mtoni, kwenye yale matuta ya barafu ambayo kila mwaka hunigonganisha meno, nikapita kama niko juu ya godoro. Mgongo haukusema kitu. Nilizitaka zile shokapu, tena nilizitaka sana, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikaenda mpaka kwa fundi, jirani na kituo cha mafuta. Akazikandamiza, akazipangusa, akazitazama.

"Nzima kabisa. Usipozichukua, nazichukua mimi."

"Hakuna mtu anayetoa kitu kizima kwa kitu kibovu."

"Labda anakupenda."

"Juvvá?"

Tukacheka wote wawili. Lakini njia nzima ya kurudi niliwaza, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaelewa.

Theluji inapoanza kulainika, sisi huwahamisha kulungu wetu hadi pwani. Mtu mmoja huenda mbele polepole, akimvuta kulungu kiongozi kwa kamba, na kundi zima hufuata. Mwingine huenda nyuma, na huyo ndiye anayerukaruka mabondeni kutwa nzima akiwarudisha watoro. Mbele ni kwangu. Kamba ile niliachiwa na baba, na kwetu mwenye kamba ndiye mwenye safari. Juvvá amekaa nyuma tangu alipomwoa dada yangu Máret. Sasa niambie, mtu anayekwenda mwendo wa kinyonga ana haja gani na shokapu nzuri? Anayekupa shokapu nzuri anataka ukae nyuma, yeye ashike kamba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikageuza pikipiki moja kwa moja kwao. Nilimkuta Máret ameinama akishona viatu vya ngozi.

"Mumeo anataka nafasi yangu," nikamwambia hata kabla ya salamu.

"Kaka, wewe hata jua likichomoza unauliza linataka nini."

Lakini hakucheka, wala hakuinua macho. Nikajua na yeye yumo.

Juvvá alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gunia la chakula cha kulungu.

"Sema ukweli, shemeji. Unaitaka kamba."

"Naitaka," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ukweli ulinikuta mikono mitupu.

"Mshenzi wewe! Unaninunua kwa shokapu?"

"Nakununua, ndiyo. Ulitaka nikupigie magoti?"

Kabla sijamtukana vizuri, kulungu mmoja dume akatoka kwenye vichaka, akasimama umbali wa kurusha kamba, akaanza kufukua chakula kilichomwagika. Kwetu kulungu hapiti bila kuulizwa ni wa nani. Kila ukoo una mikato yake kwenye masikio, na hakuna aliyeisoma kama Juvvá. Aliisoma kundi likiwa linakimbia, ng'ambo ya ziwa, na watu waliogombana walimwita yeye awaamue.

"Huyo wa nani anakumalizia chakula?" nikamuuliza.

Akakunja uso. Akageuza kichwa kidogo pembeni, kama ndege.

"Wa kina Heaika."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Nimekosea?"

"Umekosea."

"Wa nani?"

Ningeweza kutaja mtu yeyote, naye angeamini. "Wako," nikasema.

Kulungu aliendelea kula.

"Nikitazama kitu, katikati pana ukungu," akasema hatimaye. "Pembeni bado naona. Mbele nitaweza, Ásllat. Njia naijua, na yule kiongozi ana macho yake. Lakini nyuma, mtoro simwoni mpaka nimgonge. Mwaka jana niligonga."

"Yule jike mwenye mimba? Si ulisema aliuawa na mbwa mwitu?"

"Hakukuwa na mbwa mwitu."

"Na daktari?"

"Daktari anasema halirudi lililokwenda. Máret anajua, basi. Wengine wakijua wataniambia niuze kundi. Nikiuza kundi, mimi ni nani?"

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliitaka nafasi yangu, na zawadi yake ilikuwa hongo. Sijawahi kuchukia kuwa sahihi kama siku ile. Niliionea uchungu kamba ya baba, nikamwonea uchungu na huyu mjinga ambaye aliona heri kunidanganya kuliko kuniomba.

"Lete spana," nikamwambia.

"Utaumia huko nyuma."

"Si umesema unanihurumia mgongo? Lete spana kabla sijabadili mawazo."

Siku ya kuhama, majirani walikuja kututazama tukiondoka, kama kawaida yao. Walipoona kamba iko mkononi mwa Juvvá, waliniuliza kulikoni. Nikawaambia nimepata shokapu mpya na nimechoka kutambaa mbele kama mzee, nataka kuzifaidi huko matutani. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema baba angekuwa hai angelia, mwana kuuza kamba kwa ajili ya mchezo wa kitoto. Iliniuma, lakini nikawasha pikipiki. Mbele yetu Juvvá alikuwa ameshaondoka, polepole, ameketi wima, na kundi zima lilimfuata.