Tafsiri ya Bwana Amur

Bi Shariffa hakuona haya kusema kwamba Kiingereza hakijui. Alikuwa na mume. Bwana Amur alikisomea skuli ya usiku Unguja, baada ya kutwa nzima ya kupanga mafaili ya forodha, na walipohamia Maskati Kiingereza hicho ndicho kilichompa kiti cha ukarani bandarini mpaka akastaafu. Kwa miaka thelathini na sita yeye alikuwa masikio ya mkewe kwa madaktari, kwa mafundi wa simu, hata kwa majirani wa Kihindi. Na walipofunga dishi juu ya paa la nyumba yao ya Khuwair, akawa masikio yake mbele ya televisheni pia.

Kila Jumatatu baada ya magharibi walitazama mchezo wa Kimarekani wa wanafunzi wa sekondari. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiarabu. Herufi Bi Shariffa anazijua, msahafu ameukhitimu mara nyingi, lakini msahafu humngoja msomaji na maandishi yale yalikuwa yakikimbia. Basi yeye alimimina kahawa na Bwana Amur akafasiri. Mjukuu wao Loai, wa miaka kumi na tano, ambaye wazee wake walikuwa kazini Salala na yeye akaachwa kwao asome, alikaa nyuma yao kwenye zulia.

Mlikuwa na mvulana mmoja mwembamba katika mchezo ule, jina lake Kevin, ambaye wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua. Walimsukuma ngazini, wakammwagia maziwa kichwani, na Jumatatu hiyo wakaandika neno kwa rangi nyekundu kwenye kabati lake la vitabu.

"Wameandika nini?" aliuliza Bi Shariffa.

Bwana Amur alikohoa kidogo. "Mwizi. Kaiba saa ya mwenzake."

"Ndiyo maana. Basi si airudishe tu, wamwache."

Nyuma yao Loai aliinuka, akaenda chumbani kwake. Bi Shariffa alidhani amekwenda kudurusu.

Kesho yake Loai alirudi kutoka skuli dishdasha yake, kanzu ya Kiomani, imechanika begani, kofia haipo, mdomo umevimba. Alisema ameanguka. Bi Shariffa alilea wanaume watatu, Hamdan na wadogo zake, na alijua mtu aliyeanguka anavyokuwa. Alimkalisha jikoni, akamwekea barafu mdomoni, akawaza kwa nini vijana wampige mwenzao hivi, na jibu alilonalo lilikuwa lile la jana.

"Loai, umechukua kitu cha mtu?" alimwuliza taratibu. "Niambie mimi, tukirudishe, wakuache."

Kijana alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi. "Hata wewe, Bibi?" akasema. Akaiacha barafu mezani, akajifungia chumbani.

Jumatano skuli ikamwita babu. Bwana Amur alivaa dishdasha mpya, akafunga kilemba chake cha sherehe, akaenda. Alirudi kabla ya adhuhuri.

"Mambo ya mpira," alisema. "Wamegombana uwanjani, wamepatanishwa."

"Na mwalimu mkuu kasema nini?"

"Kasema watoto ndio walivyo."

Alhamisi, siku ya mapumziko kule, hakuna skuli. Asubuhi stesheni ilirudia mchezo wa Jumatatu, na Bi Shariffa, ambaye kwa kawaida wakati huo huwa kwenye soko la samaki, siku hiyo hakutoka, kwa kuwa Loai hakuwa amekula tangu jana. Neno jekundu likatokea tena.

"Hebu nifasirie pale, kabatini."

Bwana Amur aliinua macho kutoka kwenye gazeti. "Wanamfukuza. Kahamia kutoka mji mwingine, hawamtaki."

"Jumatatu ulisema kaiba saa."

"Basi yote mawili," alisema Bwana Amur, akageuza ukurasa.

Bi Shariffa aliutazama mchezo ule mpaka mwisho bila kuuliza tena. Alikuwa akiitafuta saa. Hakuna aliyeivua, hakuna aliyeililia, wala hakuna aliyemtazama Kevin mfukoni. Walikuwa wakimwigiza anavyotembea.

Alikwenda kufua. Katika mfuko wa dishdasha ya mumewe mlikuwa na karatasi ya Kiarabu iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa skuli. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, herufi kwa herufi. Karatasi haikukimbia. Yeye Amur, mlezi wa mwanafunzi Loai, anaahidi kurekebisha mwendo wa kijana na sauti yake, ili asiwachokoze wenzake. Likitokea tena, kijana atatolewa skuli. Chini ilikaa saini ya Bwana Amur, ile nzuri yenye mkia, aliyojizoeza ujanani. Juu ya waliomchana nguo hapakuwa na hata neno moja.

Alirudi sebuleni na karatasi mkononi, imelowa pembeni.

"Baba Hamdan, hii uliisoma kabla ya kutia saini?"

"Niliisoma."

"Na uliifahamu?"

Hilo lilimchoma. "Mimi nisiifahamu karatasi?"

"Basi hukusaini kwa ujinga."

Bwana Amur alilikunja gazeti vizuri, pembe kwa pembe. "Yapo maneno hayafasiriki mbele ya mwanamke wa heshima, Mama Hamdan. Wewe nilikusitiri. Na kijana akitolewa skuli atakwenda wapi? Nimemnusuru."

"Mimi umenisitiri, na yeye umemtoa kwa mkono wako. Umeandika kwamba yeye ndiye mkosaji." Sauti yake haikupanda. "Nimemwita mjukuu wangu mwizi kwa tafsiri yako."

Bi Shariffa alisimama pale, na jambo jingine likamjia, la miaka thelathini nyuma. Daktari wa Kihindi alisema maneno mengi ya Kiingereza, akichora kwa kalamu kwenye karatasi, na Bwana Amur akamgeukia na kusema: anasema upumzike. Baada ya hapo hakupata mtoto tena.

"Na yule daktari," aliuliza, "alisema nini?"

Bwana Amur aliangalia mikono yake. Bi Shariffa akarudi kwenye nguo zake.

Jumatatu, magharibi ilipopita, alibisha mlango wa Loai. "Nimeisoma karatasi ya skuli," alisema kupitia mbao. "Mwenyewe. Njoo unifasirie."

Kufuli lilizunguka. Loai alikuja akakaa palepale pake kwenye zulia, mbali. Bwana Amur alikuwa kwenye kiti chake.

"Leo pumzisha ulimi," mkewe alimwambia. Kisha kwa kijana, "Lile neno jekundu ni neno gani?"

"Anapenda wavulana wenzake, Bibi. Ndilo neno la watu kama hao, la matusi. Ndilo wanaloniita mimi."

Bi Shariffa aliweka finjani chini. Hakuna aliyewahi kumfasiria jambo hilo. Kwenye kioo cha televisheni Kevin alisimama jikoni kwao, akisema na mamake huku akilia.

"Anamwambia mamake," alisema Loai.

"Na mamake anasema nini?"

"Bado hajasema kitu."

"Mimi kesho nnakwenda skuli," alisema Bi Shariffa. "Kiarabu changu cha sokoni kinatosha kuuliza nani aliyekuchana nguo. Na wewe sikuwa na haki ya kukuuliza nilivyokuuliza."

"Na Babu?"

"Babu yako atabaki nyumbani."

Loai hakusogea karibu. Aliendelea kufasiri, sauti chini, akimtazama Kevin tu. Bi Shariffa alimsikiliza kwa makini, na alitaka kumwamini. Lakini kidole chake, juu ya goti, kilikuwa kikiyafuata maandishi ya Kiarabu yanayokimbia, kikijaribu kushika hata neno moja kabla halijapita.