Kumtafuta Bikombo Mkondoni

Usiku wa jana niliota nimempoteza mke wangu, Bikombo, chini ya maji, kwenye mwamba wa matumbawe ambao mimi ndiye mtaalamu wake. Miaka kumi na moja nawapeleka wageni kuzamia pale Pemba, huku nikiwahubiria: usishindane na mkondo, uache ukubebe. Bikombo huzamia nami. Mkondo ulipokuja kasi, yeye akauacha umbebe. Mimi, mtaalamu, nikashika tumbawe.

"Toa mkono," tumbawe likasema. "Kanuni ya tatu. Si wewe uliyeiandika ubaoni?"

"Namtafuta mke wangu."

"Hapa kwangu hayupo."

Akatokea Dakika Moja, amevaa tai. Kanuni inasema ukimpoteza mwenzako umtafute dakika moja, kisha upande juu; basi ndiye huyo, kaja kazini. Nikamwomba asubiri kidogo.

"Bwana, mimi ni sekunde sitini," akasema. "Arubaini nishazimaliza kwa kukusalimu." Akaondoka.

Nikaliachia tumbawe, nikageuka, nikaanza kurudi nyuma, kinyume cha mkondo, kule nilikomwona Bikombo mara ya mwisho. Akili nyingi huondoa maarifa. Napiga mapezi ya miguuni, sisogei. Samaki wananipita wakinitazama kwa huruma. Kipimo cha hewa kinashuka, kinakohoa, kinasema, "Endelea tu, bingwa."

Hapo nikaogopa kweli kwamba sitamwona tena. Nikaacha kupiga mapezi.

Mkondo ukanibeba. Tukapita dukani kwa kinyozi, tukapita sebuleni kwa wakwe zangu, wanakunywa chai. "Mwenzio kapita zamani," mama mkwe akasema, wala hakunikaribisha.

Nikamkuta Bikombo mita tano chini ya uso wa bahari, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamalizia zile dakika tatu ambazo kila mzamiaji hutulia kabla ya kupanda juu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nakutafuta."

"Upande gani?"

"Nyuma."

"Mkondo unakwenda mbele, mume wangu ananitafuta nyuma. Haya, hongera."

Nilitaka kujibu, hewa ikaniishia. Bikombo akanitazama kitambo, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha akanipa kidomo cha akiba cha kupumulia, cha mtungi wake wa hewa. Tukapumua wote wawili, mtungi mmoja.

Nikaamka nahema, kumeshakucha. Bikombo alikuwa amekaa kitandani, chumvi imemkaukia kwenye nyusi, mkono wake uko kifuani pangu.

"Taratibu," akasema. "Hewa iliyobaki ni ya watu wawili."