Kiti Kilicho Juu ya Injini

Injini ya gari la wagonjwa ilikuwa chini ya kiti cha abiria wa mbele, kwa hiyo kila mara fundi alipotaka kubadilisha plagi, ilimbidi kwanza amwombe marehemu asimame.

"Samahani, mama. Ninyanyue kiti kidogo."

"Nyanyua tu, mwanangu. Nimechoka kukaa."

Mama huyo alikuwa mkwe wa dereva. Alifia kwenye kiti hicho wakati wa mvua kubwa, gari lilipozima karibu na tanuri la matofali naye ameshika kifua. Walimzika vizuri, wakamwombea. Kesho yake dereva akamkuta amekaa palepale, mkoba mapajani, akisubiri kufikishwa hospitali. Dereva alimwamkia, akawasha gari. Tangu hapo alimpeleka kila alipopata nafasi, na kila mara gari lilizima kwenye tanuri lilelile. Kwa heshima ya ukwe aliacha kuvuta sigara humo ndani. Wenzake walimtania kwamba hata mkewe hajawahi kukaa naye karibu muda mrefu hivyo.

Fundi alifungua plagi za zamani, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano zilivyokuwa ndani ya injini. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi. Kisha akafungua maboksi mapya yaliyoletwa kutoka stoo, akazigeuza plagi zilizokuwa humo mwangani. Kauri yake nyeupe ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Zilikuwa plagi kuukuu zilizosuguliwa kwa mchanga na kuvalishwa boksi. Mtunza stoo alizinunua kwa shemeji yake, na jambo hilo halikuwa siri kwa yeyote, hata kwa mkuu wa usafiri.

"Ndizo zilezile?" mama aliuliza.

"Ndizo, mama."

"Basi leo pia sifiki."

Fundi alifuta mikono, akaenda kwenye gari lake mwenyewe lililokuwa na injini ya aina hiyohiyo, akazitoa plagi zake. Alilinganisha urefu wa nyuzi za kufungia, kwa sababu plagi ndefu mno hugonga pistoni. Akapima mwanya wa ncha kwa kibati chembamba. Alimwomba Mungu kimyakimya, akazifunga kwa vidole mpaka vidole vikakataa, ndipo akatumia spana, kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Gari liliwaka mara moja. Mama alikaa, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. Walipopita tanuri la matofali, dereva alipunguza mwendo kwa mazoea, halafu akaendelea.

Hospitalini muuguzi alimpokea, akatafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, hakuyapata.

"Umechelewa, mama."

"Najua, mwanangu. Nilitaka nifike."

Walimpa kitanda cha dirishani. Alilala, na baada ya sala ya mchana kitanda kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa. Jioni fundi alirudi nyumbani kwa miguu, akishukuru njia nzima.

Haikupita wiki, mkuu wa usafiri akasikia kwamba gari la wagonjwa lina plagi nzuri. Lake lilikuwa limeanza kukohoa, akaagiza zihamishiwe huko. Fundi alikataa. Akaambiwa maboksi yapo stoo, tena mapya, na kama hataki kazi, wanaoitaka wamejaa nje ya geti. Plagi zikahamishwa.

Siku iliyofuata gari la wagonjwa lilizima kwenye tanuri.

Asubuhi yake fundi alifungua mlango wa mbele, maboksi ya stoo yakiwa kwapani. Kwenye kiti alikaa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, amekumbatia mfuko wa nguo za mtoto.

"Pole, dada," fundi alisema. "Ninyanyue kiti kidogo."

Mwanamke alisimama. Mfuko aliubana kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshikia fundi tochi.