Mgongo wa Sandra

Hatua chache kabla ya utepe, Sandra Drateru aligeuza kichwa. Alikigeuza kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni, kisha mabega yake yakalegea, na Rosa Kiden akampita. Utepe ukamkaa Kiden kifuani. Uwanja mzima wa Arua ukalipuka kwa vigelegele, vumbi jekundu likapanda, na wanafunzi wenzake wa chuo cha ualimu wakamnyanyua juu juu kabla hajapata hata pumzi ya kuuliza kilichotokea.

Alikuwa ameshinda mbio za mita mia. Jambo hilo lilikuwa wazi kwa wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Tangu ajiunge na chuo, Kiden alikuwa wa pili. Nafasi hiyo alishaizoea kama mtu anavyolizoea jiwe lililo mlangoni pake: halipendi, lakini hajikwai. Mgongo wa Sandra aliujua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Aliujua unavyoinama kabla ya bastola kulia, unavyonyooka katikati ya njia, na vile bega la kushoto linavyotangulia kidogo Sandra anapoongeza mwendo. Kwa hiyo alipouona ukilegea, alijua ameona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Au alidhani anajua.

"Mwalimu," alimwambia kocha wao, Kasimiro, walipokuwa wakikusanya viatu, "Sandra alipunguza mwendo."

"Nani hapunguzi akichoka?"

"Hakuchoka."

Kasimiro alimtazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa asiyetaka kupona. "Kiden, nimefundisha mbio tangu hujazaliwa. Sijaona mtu aliyepata ushindi akazunguka kuutafutia mwenyewe. Jumatatu tunakwenda Kampala kwenye mashindano ya vyuo vyote. Kutoka hapa anakwenda mmoja, na ni wewe. Kapumzike."

Shafik, mwanafunzi mwenzao, alikuwa amezirekodi mbio hizo kwa simu. Kiden aliiomba, akatazama, akarudia kutazama. Picha ilikuwa safi mpaka pale alipoihitaji. Hapo shabiki mmoja aliruka kwa furaha mbele ya simu, na alipotua, Kiden alikuwa tayari mbele. Naye Sandra alikuwa ameondoka uwanjani bila kumuaga mtu.

Kiden aliomba ruhusa akaenda kwao Kuluba, nje ya mji wa Koboko, akitumaini kwamba nyumbani akili ingetulia. Kumbe habari zilikuwa zimemtangulia. Shangazi yake Rashida alimpokea njiani kwa vigelegele. Kuku alikwisha chinjwa, na majirani, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wameketi uani wakingoja kusimuliwa. Kiden akasimulia. Mara ya kwanza alisema alimpita Sandra karibu na mwisho. Walipokuja wengine, alisema alimpita katikati. Jua lilipoanza kuinama alijisikia akisema kwamba alimwona Sandra akihema, amekwisha kabisa, na watu wakapiga makofi.

Hapo akashtuka. Ile sura ya Sandra anayehema sasa aliiona waziwazi, imekaa mahali pale pale palipokuwa na ile nyingine, ya mabega yanayolegea. Alijaribu kuzitenganisha, akashindwa. Uongo wake ulikuwa umekolea rangi kuliko ukweli wake.

Asubuhi alimkuta baba yake, Lemi, akipalilia mihogo. Lemi aliwahi kuwa askari, na hata leo jambo lolote zito alilisema kwa Kiswahili cha kambini.

"Baba, mtu akikuachia ushindi, ushindi huo ni wa nani?"

Mzee aliegemea jembe. "Kwa jeshi, adui akiacha daraja, sisi napita. Hapana uliza sababu iko nini."

"Sandra si adui, Baba."

Lemi aliinua jembe, akapiga pigo moja, akasimama tena. "Sasa hiyo ingine," alisema. "Hiyo mimi hapana jua."

Kiden hakuwahi kumsikia baba yake akikiri kutojua. Alidhani neno hilo lingemwongezea wasiwasi. Badala yake lilimpa miguu. Siku hiyo hiyo alirudi Arua, na hakwenda chuoni. Alikwenda moja kwa moja Ediofe, alikokuwa akiishi Sandra na mama yake.

Alimkuta akifua nje ya dirisha la jikoni, povu hadi viwikoni. Sandra hakuonyesha mshangao.

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja jana."

"Kwa nini uliniachia?"

"Nani kasema nimekuachia?"

"Nilikuona."

Sandra aliikamua blauzi mpaka tone la mwisho. "Nitakwambia nilicho nacho, ukiona hakitoshi, basi. Tangu shule ya msingi, nikikimbia nasikia kimya. Watu wanapiga kelele, mimi sisikii kitu. Siku ile nilisikia miguu. Ilikuwa karibu, hapa." Akagusa sikio kwa kidole chenye povu. "Nikageuka nione ni nani, nikauona uso wako. Sijawahi kukuona unavyokuwa ukikimbia. Ulikuwa unataka, Kiden. Ulikuwa unataka mpaka mimi nikaona haya. Sikumbuki mara ya mwisho nilipotaka. Nashinda tu, kama mtu anavyoamka asubuhi."

"Kwa hiyo uliniachia."

"Au ulikuwa umeshanipita. Nimejiuliza tangu siku ile. Sijui."

Kiden alikuwa amekuja na hasira aliyoipanga vizuri, na sasa hakujua aitue wapi. Alikuwa tayari kwa kukiri, alikuwa tayari kwa kukana. Kwa "sijui" hakujiandaa.

"Tukimbie tena," alisema.

"Ili iweje? Nikikushinda, utakwenda Kampala ukijiona mwizi. Ukinishinda, utasema nimekuachia tena."

"Tukimbie tena, Sandra."

Uwanja wa shule ya misheni, karibu na kanisa kuu la pale Ediofe, ulikuwa mtupu, watoto wakiwa madarasani. Walivua viatu, wakakubaliana kukimbia kutoka goli hili hadi lile. Kiden alihesabu hadi tatu, wakafyatuka.

Alitoka vizuri kuliko siku yoyote maishani mwake. Mbele hakukuwa na mgongo. Kulikuwa na nyasi, na goli, na uwazi mkubwa ambao hakujua aufanyie nini. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatageuka. Kisha akasikia miguu. Ilimjia nyuma ya sikio, mizito, yenye haraka, na kabla hajakikumbuka kiapo chake, shingo ilikuwa imekwisha geuka. Aliuona uso wa Sandra: meno yamekazwa, macho yamemtoka, mbaya na mzuri kwa pamoja. Kitu fulani ndani ya Kiden kikasogea kando, kama unavyompisha mtu mlangoni. Sandra akapita.

Walianguka kwenye nyasi nyuma ya goli.

"Umeniachia?" Sandra aliuliza alipopata pumzi.

Kiden alifungua kinywa kukana. Alilitafuta neno, akalitafuta mabegani, magotini, kifuani panapochoma. "Sijui," alisema.

Sandra hakucheka. "Mwalimu Kasimiro alinipigia simu," alisema, "akaniuliza kama nina neno juu ya safari. Nikamwambia sina. Jumatatu utakwenda."

"Na wewe?"

Sandra alijikung'uta nyasi. Ile sura ya kutaka ilikuwa bado haijamtoka usoni.

"Tena," alisema.

Wakarudi hadi goli la kwanza. Kutoka upande wa kanisa kuu kengele ililia, na milango ya madarasa ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja. Wakainama, vidole kwenye nyasi. Safari hii hawakuwa wamepatana nani ahesabu. Kiden alimsikiliza Sandra akivuta pumzi, akajua kwamba Sandra naye anamsikiliza. Na wakakaa hivyo, magoti juu ya ardhi yenye joto, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.