Rufaa ya Mtori

Usiku wa jana niliota, na naomba ieleweke kwamba sikuwa nimekula kitu kizito wala sikuwa na homa. Niliota nimeitwa kwenye baraza la rufaa za viza.

Kwanza nieleze kesi yenyewe, maana hata nikiwa macho ipo vilevile. Binti yangu Nakijwa anaishi nchi moja ya baridi na amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na mama yake ndiye anayemhudumia. Nikaomba viza ya kutembelea. Fomu ikauliza nitafanya nini huko. Nikaandika ukweli: kupika mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi, kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kuogesha mtoto, kufua. Nikaambatanisha na stashahada yangu ya ununuzi na ugavi, kwa sababu walisema tuambatanishe vyeti.

Wakanikatalia. Barua ikasema nakwenda kufanya kazi nne bila kibali cha kazi, tena sikuonyesha kwamba nitarudi nyumbani. Kesho yake nikakata rufaa.

Basi, katika ndoto, nipo kwenye stoo ya sekondari ninayofanyia kazi, pale Same. Madaftari yamepangwa, ndoo zipo, mafagio yapo. Ila katikati kuna meza ndefu, na nyuma ya meza yupo muhuri wa mpira, kimo cha mtu mzima, amevaa miwani.

"Mimi ndiye mwenyekiti," anasema. "Karibu, Mama Nakijwa. Usinipe mkono, nina wino."

Ukutani kuna kalenda yenye kurasa arobaini. Kumi na mbili zimeshang'oka, maana mjukuu wangu ana siku kumi na mbili. Ninaitazama, na ukurasa wa kumi na tatu unaanguka sakafuni.

"Hiyo kalenda haiwezi kusimama wakati tunazungumza?" nauliza.

"Haiko chini ya baraza," anasema mwenyekiti. "Ni ya mtoto."

Upande wa pili wa meza imesimama barua yangu ya kukataliwa, imevaa tai. Imekuja kumtetea afisa aliyeiandika.

"Shikamoo, mama," inasema.

"Marahaba," naitikia. Ugomvi ni ugomvi, salamu ni salamu.

Mwenyekiti anaeleza utaratibu. "Baraza halimgombezi afisa. Baraza linakaa kwenye kiti chake na kuamua upya, kama vile yeye hakuamua kitu."

Mlango unafunguka. Kiti cha afisa kinaingia kwa miguu yake minne, kinasimama nyuma ya meza. Mwenyekiti anakikalia, anajisogeza huku na huku.

"Hakina hata joto," anasema. "Alikaa muda gani kwenye faili la huyu mama?"

"Dakika nne," kinajibu kiti. "Mbili alikuwa anakoroga chai."

Barua inarekebisha tai yake.

"Sasa tunaanza upya," anatangaza mwenyekiti, na stoo inaondoka.

Nipo wodi ya wazazi, miaka ishirini na minane iliyopita. Nimelala kitandani, nywele zangu nyeusi zote, na Nakijwa yuko kifuani kwangu, ana saa tatu tangu azaliwe. Kalenda imening'inia kwenye dirisha la wodi. Ukurasa wa kumi na tano unadondoka kwenye beseni. Mwenyekiti na barua wamesimama katikati ya vitanda.

"Wanaume wasubiri nje," anasema nesi.

"Mimi ni muhuri," anasema mwenyekiti.

"Hata mihuri," anasema nesi. Lakini anawaacha, kwa sababu mlangoni ameingia mama yangu, mkungu wa ndizi kichwani, vumbi la milimani limempaka hadi magotini. Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Kwa kuwa alionekana ana haraka, sikumkumbusha.

"Huyu ana kibali cha kazi?" inauliza barua.

Mama anaitazama juu mpaka chini. "Hii karatasi ni ya nani?"

"Bibi," anasema mwenyekiti, "umekuja kufanya nini hapa?"

"Kumpikia mwanangu."

"Kwa mkataba gani?"

"Mkataba wenyewe ulinichukua siku mbili kuutia sahihi," anasema mama, "na wakati natia sahihi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Sogea, nipishe jiko."

Jiko lipo. Wodi imekuwa jiko la mama kule Usangi, mafiga matatu, moshi machoni. Mama anamenya ndizi. Mwenyekiti anavua miwani, anafuta masizi, anaagiza ushahidi uonjwe.

Barua inapewa bakuli. Inapiga funda la kwanza. Inalowa. Inapiga la pili, na maneno yanaanza kuchuruzika kutoka kwenye karatasi yake kuingia kwenye mtori.

"Aya ya pili imetoka," inasema kwa sauti ndogo.

"Ilisemaje?" anauliza mwenyekiti.

"Ile ya kazi nne."

"Basi, inabaki aya ya tatu, kwamba hatarudi." Ananigeukia. "Mama Nakijwa, nani anasema utarudi?"

"Stoo," nasema. "Tarehe tano shule inafunguliwa, na funguo ninazo mimi. Mkuu wa shule hajui chaki ziko wapi."

"Ni kweli," zinasema funguo kiunoni kwangu. "Hajui."

Ukurasa wa kumi na nane unaanguka kwenye majivu. Wa kumi na tisa unaufuata.

"Mheshimiwa, fanya haraka," nasema. "Mwanangu anajipikia mwenyewe. Juzi amekula zile tambi za kumwagia maji ya moto."

Mama anaacha kukoroga. "Nani amekula tambi? Mzazi?"

"Ndiyo, mama."

Anamgeukia mwenyekiti, mwiko mkononi. Mwenyekiti anarudisha kiti nyuma kidogo.

"Bibi, tuko pamoja," anasema. "Nataka kujua jambo moja. Ulipomlea huyu Mama Nakijwa, ulirudi kwako?"

"Siku ya arobaini na moja, asubuhi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na ng'ombe. Mume wangu hajui kukamua. Anamvuta kama anayepiga kengele ya kanisa."

"Hayo hayakuwemo kwenye faili," inasema barua, japo imelegea na tai imeingia kwenye bakuli.

"Baraza linapokea ushahidi mpya," anasema mwenyekiti. "Vinginevyo tungeanza nini upya?" Anaandika muda mrefu. Kisha anasimama. "Uamuzi. Kumpikia mwanao si ajira. Ukoo huu huenda, hupika, hurudi."

"Kwa hiyo viza nimepata?"

"Baraza halitoi viza. Baraza linarudisha faili kwa afisa pamoja na maelekezo hayo, aanze kwa kuyatii."

"Linarudi lini?"

"Sasa hivi, nikimaliza kujaza hapa." Anainamia karatasi. "Jina la ng'ombe."

"Hilo ni la lazima?"

"Kuna kisanduku chake."

Mama anarudi kwenye chungu, ananiita kwa jina langu la utotoni. "Namsifu, mwambie wewe. Ndiwe uliyempa jina."

Nafungua mdomo. Ukurasa wa ishirini unaanguka. Mwenyekiti ananyanyua mguu wake wenye wino, tayari kugonga. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu alikuwa anatafuta soksi. Nikalaani ndoto zisizomaliza shughuli, nikachukua simu nione saa. Palikuwa na ujumbe wa Nakijwa.

"Shikamoo mama. Leo wamenipigia watu wa viza, wanasema faili lako limerudi na wanalishughulikia. Ila wamebakiza kisanduku kimoja. Nimemwuliza yule dada aliyepiga mara mbili na anasisitiza ni hivyohivyo. Mama, ng'ombe wa bibi alikuwa anaitwa nani?"

Nikamjibu: "Marahaba. Jumanne. Acha kula tambi."