Wanaume wa Mzani wa Mbuzi

Wekulo hakuwa kocha. Alikuwa dalali wa mbuzi pale soko la Kiamaiko, na filimbi shingoni haikubadilisha jambo hilo. Lakini wanaume wanane wa mtaa wa Tena, wenye vitambi walivyotaka kupunguza, walimwita kocha bila haya. Kila Jumamosi Mbeti alimtazama mumewe, Matheka, akijizungushia nailoni tumboni na kuvaa sweta juu yake, jua la Februari likichoma lami.

“Na maji ya kunywa?” Mbeti aliuliza.

“Mama Kasiva, mbuzi akinywa maji kabla ya kupimwa, kilo zinapanda,” Wekulo alimjibu. “Asipokunywa, zinashuka. Kwani hiyo ni ngumu?”

Na kweli walipimwa kwa mzani wa mbuzi. Watu wazima, mmoja wao mzee wa kanisa, walining’inia kwenye ndoano huku wakishangilia kilo mbili za jasho! Mbeti alicheka hadi mbavu zikamuuma. Matheka akamwambia ana wivu.

Jumamosi ya tatu walikimbia hadi Mowlem na kurudi, saa saba mchana. Goti lilimsumbua Matheka, akameza vidonge viwili vya maumivu kwa mate tu. Akawashinda wote kwa kupungua kilo tatu. Jioni alitapika, na mkojo ukatoka matone, mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa. Jumapili haukutoka kabisa, na Mbeti hakuwa na kicheko tena. Alimpeleka hospitali.

“Joto na kiu vimezinyima figo damu,” daktari alieleza. “Misuli iliyochoka nayo imemwaga uchafu wake humo, halafu akaongeza vile vidonge vya maumivu, navyo huumiza figo zenye kiu. Sasa hazichuji. Kesho tunaanza kumsafisha damu kwa mashine.”

“Zitarudi?”

“Huenda. Siwezi kukuahidi.”

Wekulo alifika wodini na kundi lake, akaomba sala ndefu, kisha akashangaa uso wa Matheka ulivyovimba.

“Mbona amenenepa, mama?”

“Maji hayana pa kutokea,” Mbeti alisema. “Mtundike umpime basi, dalali.”

Wakaondoka wakiangalia viatu vyao. Aliwachukia wote wanane, na Matheka alikuwa mmoja wao.

“Mbeti,” Matheka aliita, midomo imepasuka. “Nipe maji kidogo.”

Muuguzi alikuwa amesema vikombe viwili kwa siku nzima, na Matheka alikuwa amevimaliza kabla ya saa sita. Jagi lilikuwa mezani, karibu na mkono wa Mbeti.

“Hapana, Baba Kasiva,” alimwambia, akalisogeza mbali, akalia.